Baba Naye Ashike Kisu

Katika nyumba ya Kiyahudi inayoshika dini, Ijumaa haina mjadala. Jua likishatua Sabato imeingia: hapana kupika, kufua wala kuwasha moto mpaka nyota zionekane Jumamosi usiku. Mishumaa huwashwa kabla, kwa desturi ya wengi dakika 18 kabla ya machweo. Jerusalem ni 40. Mama mwenye watoto wadogo hathubutu kulimbikiza kazi zote siku hiyo. Desturi ya kale ni kufua Alhamisi; chungu cha nyama, maharage na shayiri hutelekwa Ijumaa kungali mchana, kikae juu ya moto mdogo hadi kesho yake. Tena vyombo vya nyama havichanganywi na vya maziwa, na mtoto wa miaka miwili (nani asiyemjua!) haheshimu kabati.

Je, baba yuko wapi? Talmudi yasimulia kwamba wanazuoni wakubwa waliiandalia Sabato kwa mikono yao: Rav Hisda alikatakata mboga, Rava alitia samaki chumvi, wengine walipasua kuni. Mume anayengoja kuitwa mezani asiseme ni dini iliyomkalisha. Hata mtoto wa miaka minne hupewa vijiko avipange.