Pesa Yako Husafiri kwa Mawimbi Gani?

Umesimama kwenye kaunta, foleni iko nyuma yako. Umeshaweka nambari ya siri, na simu inaganda. Hakuna ujumbe. Mwenye duka anakuangalia. Unajaribu tena, halafu dakika chache baadaye jumbe mbili zinaingia zikifuatana. Umelipa mara mbili!

Malalamiko ya aina hii tunayapata sana. Ili uyaelewe, wacha tuongee kidogo kuhusu mawimbi.

Simu yako haina waya, kwa hivyo kila inachotuma hubebwa na mawimbi ya redio. Haya ni ndugu wa mwanga wa jua. Yote ni mionzi ya sumakuumeme, na hewani yote hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kinachoyatofautisha ni urefu wa wimbi. Wimbi la simu kwenye masafa ya 900 MHz lina urefu wa sentimita 33 hivi. Mwanga tunaouona ni mfupi sana: mawimbi zaidi ya 1,000 hutoshea ndani ya milimita moja.

Mawimbi ya redio hupenya mbao na matofali, ingawa hupungua nguvu. Chuma huyarudisha yalikotoka. Ndiyo maana ukiwa ndani ya nyumba ya mabati au kwenye lifti, mtandao unapotea. Sogea mlangoni au dirishani kabla hujaanza kutuma, si katikati ya shughuli.

Ombi lako likifika kwenye mnara (ile busta ya mtaani), safari bado. Zile sahani za mviringo unazoziona pale juu hurushiana maikrowevu na mnara mwingine, mara nyingi ulio kilima cha pili. Kwingine ombi hupita kwenye nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, likibebwa na miale ya infraredi, jamii ile ile ya miale inayotoka kwenye rimoti ya TV. Halafu jibu lirudi njia hiyo yote. Hapa ndipo watu huumia: ombi linaweza kufika, pesa ikatoka, na jibu likapotelea njiani. Simu kuganda haimaanishi pesa haijaenda. Angalia salio au taarifa ya akaunti kwanza, na umwombe mwenye duka aangalie upande wake. Kama tayari umelipa mara mbili, tupigie haraka kwa nambari yetu rasmi. Na hatutakuuliza nambari ya siri, hata siku moja.

Kadi ya kugusisha nayo hutumia mawimbi ya redio ya 13.56 MHz, yaliyotengenezwa yasomeke kwa umbali wa sentimita chache tu. Ndiyo sababu mashine hukataa mpaka uisogeze karibu kabisa.

Kwa wakala kuna ile taa ya zambarau. Hiyo hutoa miale ya urujuanimno. Karatasi ya kawaida ikiwekwa chini yake hung'aa kibuluu kwa sababu ya dawa ya kuifanya iwe nyeupe. Karatasi ya noti halali hubaki imefifia, na alama chache tu ndizo hung'aa. Usione haya kumwomba wakala akumulikie noti zako kabla hujaondoka. Lakini usitegemee taa peke yake: inua noti kwenye mwanga uone kile kichwa cha simba.

Sasa, je, mawimbi ya simu yanadhuru? Eksirei na miale ya gama zina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi, ndiyo maana mpiga picha hospitalini hujificha nyuma ya ukuta, na gama hutumika kuua seli za saratani. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Athari yake inayojulikana ni kupasha joto kidogo. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliyaweka kwenye kundi la "huenda", kwa kuwa ushahidi ulikuwa hafifu. Ukiwa na wasiwasi, tumia spika au visikizio. Na kumbuka, mtandao ukiwa dhaifu simu huongeza nguvu ili ifikie mnara. Sababu nyingine ya kutoka kwenye ile nyumba ya mabati.