Milingi ya mlalo: ununue, au uendelee kupeleka kazi kwa fundi?

Mkulima mmoja mwenye mashine mbili za kupukuchua mahindi na karakana ndogo nyuma ya nyumba kaniuliza: "Bwana shamba, nimepata milingi ya mlalo, mtumba, bei poa. Nichukue?" Hela yenyewe ni ile ya mbolea ya msimu ujao, kwa hiyo swali si dogo.

Kwanza tuelewane. Mashine ya kukereza inazungusha chuma, kisu kimetulia. Milingi inazungusha kisu, chuma kinasogea na meza. Kwenye milingi ya mlalo, shafti inayobeba visu imelala juu ya meza, na visu vyake ni vya duara kama msumeno. Inafaa kusawazisha uso wa chuma, kukata meno ya gia, na kuchimba mfereji wa kii, yaani kile kipande kinachozuia puli isicheze kwenye shafti. Shafti ya milimita 25, kwa mfano, hubeba kii ya upana wa milimita 8, na mfereji wake huingia milimita 4. Ukichimba kwa grinda, kii italegea tu.

Ila mfereji wa ndani ya tundu la puli, mashine hii haichimbi. Na kwa kutoboa matundu, milingi ya wima ni bora zaidi.

Halafu, bei ya mashine ni mwanzo tu. Uliza haya:

- Umeme: nyingi zinataka fezi tatu. Nyumbani unayo?
- Shafti ya visu ipo? Ikikosekana, umenunua chuma chakavu. Na visu lazima viendane na unene wa shafti hiyo.
- Unataka kukata gia? Utahitaji kifaa cha kugawanya meno, na seti ya visu 8 kwa kila ukubwa wa jino.
- Uzito: nyingi zinazidi nusu tani. Sakafu ya zege ipo?

Sasa fungua daftari. Andika kazi zote za namna hii za miezi 12 iliyopita, ulilipa ngapi na mashine ilisimama siku ngapi. Tuseme kazi 10 za shilingi 30,000: jumla 300,000. Kama kila kazi ilisimamisha mashine siku 2, na siku moja inakupotezea 80,000, hapo umepoteza 1,600,000. Kinachouma ni kusubiri, siyo malipo ya fundi.

Yule kijana alipoandika, alipata kazi nne tu. Mbili zilikuwa mifereji ya ndani ya puli, na siku nyingi alikuwa anasubiri beringi. Milingi isingemsaidia hapo. Amenunua mbolea, akachongesha shafti mbili za akiba na kuweka beringi kabatini.

Daftari lako likionyesha kazi nyingi, na majirani wanakuletea za kwao, hapo nunua. Lakini hesabu ianze, hela ifuate.