Mtoto wa Pili

Mwaka 1939, Philip Levine na Rufus Stetson waliandika habari za mwanamke wa New York aliyejifungua mtoto mfu, kisha akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa kundi O, kwa hiyo damu hizo zilitarajiwa kupatana. Hazikupatana, mama alizidiwa vibaya. Sampuli ya damu yake ilipojaribiwa na damu za watu 104 ambazo zilidhaniwa zinamfaa, 80 kati yake zilishikamana mabonge. Levine na mwenzake wakakisia kwamba mtoto alirithi kwa baba kitu ambacho mama hana, na mwili wa mama ukajenga kinga dhidi yake.

Kitu hicho ndicho tunachokiita Rh. Aliye nacho huandikiwa chanya, asiye nacho hasi. Kuwa hasi si ugonjwa, na hakuna haki yoyote ya kumwambia mke wa mtu kwamba ana damu mbaya.

Wakati wa ujauzito, damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki kwa kawaida. Kondo la nyuma linapobanduka, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Kama mama ni hasi na mtoto ni chanya, mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza mara nyingi huwa ameshazaliwa, kwa hiyo husalimika. Kingamwili hizo hubaki, na katika mimba inayofuata, mtoto akiwa chanya tena, huvuka kondo na kuvunja chembe nyekundu za mtoto hadi aishiwe damu, moyo ulemewe, mwili uvimbe maji.

Ila "wa kwanza" hapa si lazima awe mtoto aliyebebwa mgongoni. Mimba iliyoharibika inaweza kuwa ndiyo ya kwanza, hata ile iliyotunga nje ya kizazi. Wanawake wengi hawaitaji mimba hiyo wakiwa kliniki, wengine kwa uchungu, wengine kwa sababu mama mkwe amekaa pembeni. Ndiyo maana swali la mimba zilizotangulia liulizwe faraghani, tena kwa upole.

Mtoto akizaliwa hai, hatari haijaisha. Chembe zinazovunjika huzalisha bilirubini, rangi ya manjano ambayo alipokuwa tumboni mama alimwondolea. Sasa ini lake changa limeachiwa kazi hiyo. Bilirubini ikizidi hupenya ubongoni: mtoto analegea, anaacha kunyonya, analia kwa sauti nyembamba kali, anajipinda kwa nyuma kama upinde. Akinusurika anaweza kubaki kiziwi au na utindio wa ubongo. Umanjano unaojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Kwa mtoto mweusi, tazama macho, ufizi, viganja na nyayo. Mama wa kundi O mwenye mtoto wa A au B naye awe macho. Mgongano huo huwa mwepesi zaidi, lakini unaweza kumpata hata mtoto wa kwanza.

Tiba ya mwanga ilitokana na jua: katika miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, aliona umanjano umefifia pale ngozi ilipopata jua. Hata hivyo, kumwotesha mtoto jua la asubuhi nyumbani hakutoshi kumwokoa aliyezidiwa. Anahitaji taa za wodini, na pengine kubadilishiwa damu.

Kinga dhidi ya mgongano wa Rh ilipatikana miaka ya 1960, kwa kazi ya watafiti wa New York na Liverpool. Mama hasi huchomwa sindano ya anti-D, yaani kingamwili dhidi ya Rh zilizotayarishwa, ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, na penye uwezo pia katika wiki ya 28 ya ujauzito. Chembe za mtoto huondolewa kabla mwili wa mama haujazitambua. Dawa hutokana na utegili (plazma) wa damu ya wachangiaji. James Harrison wa Australia alichangia zaidi ya mara 1,100, hadi 2018. Si kila kituo kina sindano hiyo na bei yake si ndogo, hivyo itafutwe kabla ya uchungu kuanza. Mama akishajenga kingamwili zake mwenyewe, haimsaidii tena. Mimba zake hufuatiliwa kwa vipimo, na mtoto huenda akahitaji kuongezewa damu angali tumboni.