Kilomita za Karatasi na Kilomita za Machi

Kando ya barabara zinazotoka Garissa, petroli huuzwa kwa chupa. Utaikuta imepangwa juu ya meza ya mbao nje ya duka la sukari, majani na unga, iking'aa juani. Mwenye pikipiki akiishiwa njiani hasumbuki sana. Atasukuma kidogo hadi penye chupa. Kwa miaka mingi chupa hiyo imekuwa bima ya safari katika kaunti hii, nayo ndiyo kitu cha kwanza unachopoteza ukihamia pikipiki ya umeme. Stima haiuzwi kwa chupa. Kilomita ulizotoka nazo nyumbani ndizo ulizo nazo mpaka urudi.

Naanza na hilo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu pikipiki hizi huanzia mjini Nairobi na kuishia hukohuko. Roam, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilifungua kiwanda chake kikubwa Nairobi mwaka 2023. Ampersand ilikuja kutoka Rwanda. Spiro ilizinduliwa Mombasa mnamo Septemba 2023 mbele ya Rais William Ruto. Wote hawa walimlenga hasa bodaboda wa jiji: mtu anayezunguka eneo dogo kutwa nzima, na ambaye betri ikipungua huingia kituoni, huiacha, huchukua iliyojaa na kuondoka kabla abiria hajachoka kusubiri.

Mimi namfikiria mtu mwingine. Ni mwalimu, muuguzi au karani wa kaunti anayelala Garissa mjini na kufanya kazi kilomita 35 nje ya mji. Anatoka alfajiri, anarudi alasiri, siku 5 kwa juma. Hizo ni kilomita 70 kila siku, nyingi zikiwa mahali ambapo kati ya kijiji na kijiji kuna vichaka, ngamia na anga tu. Anayeishi Madogo na kufanya kazi Garissa, hatua chache kupita daraja la Tana, hana shida hiyo. Hata baiskeli ya umeme yenye betri ndogo itamtosha. Lakini baiskeli ya namna hiyo, yenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa, itamweka huyu wa kilomita 70 juani karibu saa 3 kwa siku. Simshauri mtu yeyote afanye hivyo, sembuse aliyefunga.

Faida ipo, na si ndogo. Pikipiki ya kawaida ikienda kilomita 40 kwa lita, safari hiyo hula lita 1.75. Petroli ikiwa shilingi 190, hiyo ni zaidi ya shilingi 330 kwa siku. Ya umeme hutumia takriban uniti 4 hadi 5 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 70 ni kama uniti 3.3 ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja. Kwa stima ya nyumbani ya karibu shilingi 30 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, unalipa shilingi 100. Tofauti ya mwezi mzima wa kazi inakaribia shilingi 5,000. Kwa mwalimu anayemsomesha mdogo wake, hiyo ni fedha inayobadilisha mambo nyumbani. Ndiyo sababu nataka asikosee kwenye ununuzi.

Kosa kubwa liko kwenye namba moja. Karatasi ya muuzaji husema, kwa mfano, kilomita 80 kwa chaji moja. Mnunuzi anaona 80, anakumbuka safari yake ni 70, anaridhika. Lakini 80 ile ilipatikana kwa betri mpya, barabara nzuri, mwendo wa wastani na hewa iliyotulia. Tufanye hesabu ya Garissa. Baada ya miaka michache ya matumizi betri huwa imebaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Zimebaki kilomita 64. Toa asilimia 20 ya upepo, mchanga na abiria, zimebaki 51. Kisha weka akiba ya asilimia 20 ambayo hutaigusa, kwa sababu kuishiwa giza linapoingia katika barabara hizi si jambo la kufanyia majaribio, zimebaki 41. Pikipiki ya kilomita 80 za karatasi ni pikipiki ya mtu anayefanya kazi kilomita 20 kutoka nyumbani. Wa kilomita 35 anahitaji karibu 140 za karatasi, au mahali pa kuchaji kazini ambapo ana hakika napo.

Upepo nimeutaja haraka, lakini unastahili zaidi. Wakati wa hagaa, baada ya mvua za gu' kuisha, upepo uleule unaoitwa kusi huko pwani hupanda bara kutoka kusini bila kupumzika. Anayeelekea Bura au Ijara asubuhi anaukabili kifuani. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, unapambana na hewa mara mbili na nusu zaidi. Kwenye petroli hilo halionekani, kwa kuwa lita ya ziada unaiongeza njiani. Kwenye umeme, kupunguza mwendo kutoka 80 hadi 55 ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kurefusha safari. Anayetaka kufika upesi atenge fedha za betri ya pili.

Kisha joto. Februari na Machi Garissa hufika nyuzi 37 kivulini, na lami yenyewe hupita nyuzi 50. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia miezi hiyohiyo. Wengi hutoka kazini mapema na kuanza safari ya kurudi saa 8 au saa 9 mchana, jua likiwa kali kabisa, betri ikiwa imeshinda chini ya bati. Hiyo ndiyo siku ya kununulia pikipiki. Inayoiweza siku hiyo itaziweza zote.

Joto huila betri hata ikiwa imelala. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha uchakavu karibu mara mbili. Kwa hiyo uliza betri imetengenezwa kwa nini. Kuna ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, ambayo wauzaji huiita LFP, na kuna yenye nikeli, NMC. Ya nikeli ni nyepesi na hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Ya fosfati ni nzito kidogo, lakini huvumilia joto vizuri zaidi, huchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, na si rahisi kuwaka. Kwa Garissa ningechukua ya fosfati bila kusita, na muuzaji asiyejua anauza ipi ningemwacha na pikipiki yake. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Ukifika nyumbani alasiri, itoe, iweke sakafuni penye hewa, mbali na mlango mnaoutegemea kutokea usiku, uswali magharibi na isha, ndipo uichomeke.

Unaichomeka wapi? Hapa Garissa ina hadithi yake. Mji uliokuwa ukitegemea jenereta za dizeli uliunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Kindaruma kupitia Mwingi. Desemba 2019 ukazinduliwa mtambo wa jua wa megawati 54.6 nje kidogo ya mji, chini ya shirika la serikali la REREC. Mtu anaweza kudhani kwamba mji wenye mtambo kama huo hauwezi kukosa stima. Lakini umeme ule huingia kwenye gridi ya nchi nzima, na laini ndefu ikipata hitilafu, giza linaingia mtaa wa Bulla Iftin kama linavyoingia kwingineko, ingawa iftin kwa Kisomali ni nuru. Anayetegemea soketi ya nyumbani peke yake ajue kwamba kuna asubuhi atakayoamka na betri nusu.

Jua hilohilo, hata hivyo, linaweza kufungwa juu ya paa la mahali pa kazi. Betri ya uniti 3 na kitu, kama ile ya Roam Air yenye 3.24, hujazwa na paneli mbili za wati 400 kwa siku moja ya jua la huku, hata ukitoa hasara za nyaya na joto. Na pikipiki ya mwalimu husimama shuleni saa zilezile ambazo jua liko juu. Mwaka 2024, timu ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch ikishirikiana na Roam ilisafiri kwa pikipiki ya umeme kutoka Nairobi hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, ikichaji kwa jua peke yake. Ikiwa hilo liliwezekana njiani, shule au zahanati iliyosimama mahali pamoja inaweza kuwapa wafanyakazi wake wawili watatu pa kuchajia. Ningependa kuona bodi za shule na idara za afya za kaunti zikiliweka jambo hili kwenye mipango yao. Mtumishi anayefika kazini bila kuishiwa mshahara kwa nauli ni mtumishi atakayebaki.

Kuhusu bei ya stima, Aprili 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati nchini, ilianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, iliyo nafuu zaidi nyakati za usiku. Lakini inahitaji mita yake. Mtu mmoja mwenye pikipiki moja hafaidiki. Chama cha watu 10 wanaochajia mahali pamoja kinaweza.

Wajir na Mandera haziko kwenye gridi, na sehemu kubwa ya stima yao bado hutoka kwenye dizeli. Je, kuna maana kuchajia pikipiki huko? Kilomita 100 zinataka uniti 5, ambazo jenereta huzizalisha kwa takriban lita 1.5 za dizeli. Pikipiki ya petroli ingekula lita 2.5. Maana ipo, ila ni nyembamba, na saa za stima ndizo zitakazoamua.

Kuhusu pikipiki yenyewe nitasema la muhimu kwangu: gurudumu la nyuma. Miti ya mathenge imejaa kando ya njia zetu na mwiba wake hauchagui tairi. Pikipiki nyingi za bei nafuu zina mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, pamoja na nyaya zake. Pancha ikitokea, fundi wa kijijini aliyezoea pikipiki za petroli kama Boxer anasita kuligusa, na ana haki. Mota iliyo katikati, ikisukuma kwa cheni, huacha gurudumu liwe gurudumu tu. Ongeza honi kali na taa nzuri, maana mbuzi hawasikii chombo kikija, wala twiga wanaovuka barabara karibu na hifadhi ya Bour-Algi. Mwanamke anayevaa dira au buibui atafutiwe skuta ya kupitisha miguu mbele, cheni ikiwa imefunikwa kabisa.

Yapo malipo. Kampuni nyingi hutoa pikipiki kwa mkopo wa lipa mdogo mdogo, na wengi wetu husimama hapo kwa sababu ya riba. Benki zinazofuata sharia zipo tangu 2008, Gulf African Bank na ile iliyokuwa First Community Bank, na murabaha inaeleweka: benki inanunua chombo, inakuuzia kwa bei iliyotajwa, unalipa kidogo kidogo bila bei kupanda. Kukodi betri kunaweza kufanana na ijara, yaani ukodishaji wa kisharia, lakini soma mkataba na umwonyeshe anayejua. Uliza pia swali ambalo wa Nairobi halihitaji: chombo hiki huzimwa kutoka mbali nikichelewesha malipo, na je, kitawaka tena nikiwa mahali pasipo na mtandao?

Kabla ya kulipa, omba pikipiki kwa siku moja. Panda na mtu wa uzito wako nyuma, saa 8 mchana, uelekee kazini kwako na kurudi bila kuchaji, na kila kijiji unachokipita andika asilimia iliyobaki. Betri ikiwa mpya, ukiingia mjini na chini ya 40, chukua yenye betri mbili.