Kiswahili Kinywani, Bataka Mfukoni

Dereva teksi wa kwanza kunibeba Maskati alinisikia naongea na simu, akapunguza redio. "Wewe wa bara," akasema, wala hakuwa anauliza. Nilikuwa bado nimevaa lile jaketi langu la kuchungia, nililotoka nalo kijijini kwetu Getanuwas alfajiri na upepo wa mlima Hanang unavuma, na jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi. Akaniambia mama yake kazaliwa Unguja, yeye kazaliwa papa hapa Maskati, Tanzania hajaikanyaga hata siku moja. Kiswahili chake kilinishinda. Mimi nilikikuta darasa la kwanza, kwa kuwa nyumbani tunasema Kiiraqw; yeye alikinyonya. Nikamwambia safari imenichosha, akanipa pole nyingi na dua juu yake. Kisha akanitoza nauli ya mgeni.

Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, na kila nikiwasiliana na nyumbani naulizwa maswali mawili: Uarabuni kukoje, na je, nafasi zipo? La pili nitalifikia. La kwanza lina kasoro tangu mwanzo, maana kwetu tunaita Dubai, Doha na Maskati "Uarabuni" kama vile Katesh, Babati na Arusha ni mji mmoja. Wanaotarajia picha za maghorofa yanayopasua mawingu nimewavunja moyo. Maskati majengo marefu hayaruhusiwi, na nyumba karibu zote ni nyeupe au rangi ya maziwa. Ni mji mwembamba na mrefu, uliobanwa kati ya bahari na milima ya Hajar. Kutoka bandari ya zamani ya Mutrah mpaka Seeb ni kilomita 40 hivi za barabara pana na taa.

Milima yenyewe ni mawe matupu, rangi ya kutu, hakuna hata kichaka cha kufungia mbuzi. Jebel Shams, mkubwa wao, unafika mita 3,000 hivi. Hanang wetu una mita 3,417 na msitu mgongoni. Nilipowaambia wenzangu kazini hawakuamini mpaka nikatoa picha kwenye simu, na mmoja aliuliza nani anaumwagilia maji.

Joto sijui nililinganishe na nini kwa mtu wa Hanang. Mwezi Juni 2018, kabla sijafika, mji wa Qurayyat ulio jirani na Maskati ulipitisha saa 24 nzima bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwa ndani yake. Haikuwahi kupimwa hivyo mahali popote duniani. Juni, Julai na Agosti serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30, na saa hizo utawaona mafundi wa ujenzi wamelala chini ya daraja, viatu vimepangwa pembeni kama mlangoni mwa msikiti. Maji nayo yana vituko. Matangi yako juu ya paa, kwa hiyo bomba la maji baridi linatoa maji ya kukoga mzazi. Wenyeji walinifundisha ujanja: kiangazi unazima hita ya bafuni, na tangi lake lililo ndani ya nyumba, kivulini, ndilo linakuwa la maji baridi. Unafungua bomba jekundu ili upoe. Nilimweleza mama yangu, akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Mtaa ninaofanyia kazi unaitwa Ghala, na kazi yangu iko ghalani, kwa hiyo nikijieleza kwa Kiswahili watu hudhani nina kigugumizi. Nahesabu mabomba, saruji na vigae. Lugha ya kazini ni Kiarabu kilichovunjika vipandevipande kikachanganywa na Kihindi, na kila mtu anaielewa, kuanzia Mbengali anayepakia mpaka Msudani wa hesabu. Siku ya kwanza niliulizia bomba za inchi mbili nikajibiwa "mafi!" Nikanyamaza, nikijua nimetukanwa. Kumbe maana yake "hakuna". Mwenye kampuni anaitwa arbab. Aliyesimama kama mdhamini wako kisheria ni kafili. Na kile kikadi cha ukazi, ambacho bila hicho hufungui akaunti wala hukodi chumba, Waomani wenye Kiswahili wanakiita bataka.

Jinsi Kiswahili kilivyofika hapa, mnaijua nusu. Seyyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na watu wake wakamfuata, wakapanda karafuu, wengine wakaingia bara na maduka yao mpaka Singida na Tabora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walikimbia. Nusu ya pili ndiyo hatukufundishwa shuleni. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, Omani nzima ilikuwa na shule tatu na kilomita chache tu za lami. Akawaita wenye asili ya Omani waliotawanyika warudi. Waliotoka kwetu walikuja na vyeti vya Unguja na Dar es Salaam, Kiingereza safi, na Kiarabu cha kubabaisha. Wakashika ofisi, hospitali, kampuni za mafuta. Ndiyo maana leo unaweza kuhudumiwa benki kwa Kiswahili, na mimi nimeng'olewa jino na daktari aliyekuwa akinitania kwa lafudhi ya Pemba.

Mgeni wa Kihindi, ambaye watu wake ni wengi hapa kuliko sisi mara nyingi sana, hana bahati hiyo. Nchi ina watu zaidi ya milioni 5, na katika kila 10, zaidi ya 4 ni wageni. Mtanzania humo ni tone. Lakini tone hili likisema "shikamoo" kwenye foleni linaitwa mbele, linaulizwa habari za mvua, linakaribishwa mandazi, ambayo hapa nayo yanaitwa mandazi. Hapo ndipo wageni wapya wanapojikwaa. Mtu amekaribishwa nyumbani, amekula ubwabwa, ameitwa mwanangu, anadhani sasa yeye ni wa humo. Mkataba ukiisha anagundua kwamba mwenye mandazi na mwenye bataka ni watu wawili, hata kama ni mtu mmoja. Nimemwona mwenzangu akilia kwa hilo. Hakuonewa: kampuni ilipunguza watu, na aliyempa barua ni yule yule aliyekuwa akimwalika Idi. Barua ilikuwa ya Kiarabu. Pole ilikuwa ya Kiswahili.

Nafuu kidogo imekuja. Zamani ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine ilibidi wa kwanza akuandikie karatasi ya kutokuwa na pingamizi, na asipoandika unarudi kwenu. Tangu Januari 2021 mkataba ukikwisha unaweza kuhama bila karatasi hiyo. Sheria ya kazi ya 2023 nayo imeweka saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Mwaka 2025 ikatangazwa kodi ya mapato ya mtu binafsi, itakayoanza 2028, asilimia 5, lakini kwa anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Ghalani kwetu tulisoma habari hiyo kwa furaha ya maskini anayesikia bei ya ndege imepanda.

Riali moja ni dola 2.6, na imekaa hapo tangu 1986. Imegawanywa baisa 1,000, siyo 100, kwa hiyo bei zina tarakimu tatu nyuma ya nukta, na mgeni anazisoma vibaya wiki mbili za kwanza. Mshahara ukitoka, maduka ya kubadilishia fedha ya Ruwi yanajaa mpaka barabarani. Kila mtu amekunja karatasi yenye namba. Wengine wanatuma Kerala, wengine Sylhet, mimi natuma kwenye simu ya dada yangu, na kabla sijafika kituo cha basi ananijibu kwamba imefika na kwamba haitoshi.

Siku ya mapumziko ni Ijumaa, na ofisi nyingi hupumzika na Jumamosi. Jumapili ni kazi. Kwa mtu aliyelelewa parokiani, hilo linachukua muda kuzoea. Makanisa Katoliki yapo mawili Maskati, Watakatifu Petro na Paulo kule Ruwi na Roho Mtakatifu hapa Ghala, yote kwenye ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos, na siku ya kujaa ni Ijumaa. Misa moja ni ya Kimalayalam, nyingine ya Kifilipino, nyingine ya Kiingereza. Nasali kwenye ya Kiingereza nikijibu kwa Kiswahili chini chini. Nje, adhana ya Ijumaa inapanda, na padri anasubiri kidogo kabla ya kuendelea. Ramadhani sote tunaficha chupa za maji mpaka magharibi, na nani atalalamika?

Ijumaa nisiyokwenda kanisani nakwenda Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari la rafiki. Hapo, ndugu zangu, ndipo niliposahau kuwa niko ugenini. Kuna mnada wa mifugo kila Ijumaa asubuhi, chini ya ngome ya zamani. Siyo kama minada yetu, ambapo mnyama anasimama na mnunuzi anamzunguka. Hapa mnunuzi ndiye aliyekaa. Kuna njia ya mviringo, wenye mali wanazunguka nayo wakivuta mbuzi, wanapaza bei, na wazee wenye kanzu nyeupe na bakora wamechuchumaa ndani na nje ya duara. Mzee akimtaka mbuzi anamshika mguu anapopita, anampapasa mgongo, anamfungua mdomo, anaminya kiwele. Vidole vile nilivijua! Ni vya babu yangu. Mabibi wa Kibedui waliofunika nyuso kwa barakoa nao wamo, wanabishana bei bila aibu. Mbuzi wa kienyeji wanathaminiwa kuliko wale wanaoshushwa kwa meli kutoka Somalia, na karibu na Idi beberu mzuri anavuka riali 100. Nilipopiga hesabu kwa shilingi nilimwangalia yule beberu kwa heshima. Kisha nikamwambia rafiki yangu anaumwa kwato ya nyuma, kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu akageuka. "Umejuaje?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Sasa swali la pili, la nafasi. Wanaouliza zaidi ni kina mama wenye mabinti, na dalali amekwisha kupita kijijini. Nasema hivi: kazi za ndani hapa hazimo katika ile sheria ya saa 8. Binti anaishi nyumba anayofanyia kazi, na siku yake inaisha familia ikilala. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Omani na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikwa, mishahara kukatwa, na mengine mabaya zaidi. Nawajua mabinti wawili waliopata nyumba njema, mmoja wao amewajengea wazazi wake nyumba ya bati. Namjua pia mmoja ambaye hakuruhusiwa simu kwa miezi minane, na mama mwenye nyumba alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili kizuri. Mkataba usiopitia kwa wakala aliyesajiliwa na kwa ubalozi wetu hapa, usiutie sahihi. Dalali anayesema ubalozi unachelewesha mambo, mnyime hata chai.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo nilikuwa kazini. Simu ilianza kutetemeka asubuhi. Simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti hapa, uliweza kuandika na kutuma sauti tu, na simu za kawaida za Hanang hazikupatikana. Nikawa nasikiliza sauti moja moja, nimejificha nyuma ya rundo la mabomba: mlima umemwaga matope, Katesh imefunikwa, Gendabi hakuna habari. Getanuwas haikufikiwa. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wawili kati yao nilicheza nao mpira.

Msimamizi wangu, Mwomani asiyejua Kiswahili hata neno, alinipa ruhusa niondoke, akampigia mjomba wake anayekaa Seeb. Jioni nikapelekwa. Mzee alinikalisha kwenye busati, akanimiminia kahawa, akasogeza tende. "Pole, mwanangu. Mimi nimezaliwa Singida." Baba yake alikuwa na duka pale. Akasema walikuwa wakipita Katesh na lori la baba yake, wakilala njiani mvua zikikata barabara, na kwamba mlima ukijifunika wingu mchana, dereva alikataa kusogea. Akaniuliza kijiji. Nilipomtajia akatafakari. "Getanuwas. Kule kwa Wamang'ati." Nikamwambia siku hizi tunasema Wabarbaig, akaomba radhi, akalirudia neno jipya mara mbili ili alishike. Kwa saa nzima hatukuzungumzia maiti. Aliuliza bei ya ng'ombe, kama ziwa la Basotu bado lina viboko, kama mashamba ya ngano bado yapo, nani siku hizi anauza chumvi ya Balangida. Mengine nilijua, mengine nilibuni.

Tangu siku hiyo naenda kwake mara moja kwa mwezi. Bataka yangu inaisha Machi, na kampuni haijasema kitu. Yeye hilo halimhusu, na halijamwingia akilini kwamba naweza nisirudi. Ameniandikia kwenye kijikaratasi nitakachomletea likizoni: asali ya Singida, chupa mbili, ya nyuki wadogo, na nihakikishe muuzaji hajaichemsha.