Nairobi au Moi? Mtoto wa Suam na Uchaguzi wa Chuo

Matokeo ya KCSE yanapotoka, mjadala mmoja hurudi katika nyumba nyingi kuanzia mpakani Suam, kupitia Endebess na Kitale, hadi Kimilili na Bungoma. Mtoto amefaulu vizuri, na sasa anaweza kuomba Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Moi kilichoko Uasin Gishu. Vyote viwili ni vya umma na vyote vina heshima. Mjomba anasema Nairobi haina mpinzani, mama anauliza nauli na kodi ya chumba, na mtoto anasikiliza marafiki zake wanataka nini. Mjadala huo mara nyingi huanza vibaya, kwa sababu huanza na jina la chuo. Mwanafunzi atasoma kozi moja, katika kampasi moja, kwa miaka minne hadi sita. Hiyo kozi ndiyo inayostahili kulinganishwa kwanza, na ikishalinganishwa vizuri, swali la chuo hujibika lenyewe mara nyingi.

Historia ya vyuo hivi inaonyesha jinsi jina linavyoweza kumpotosha mtu. Nairobi ilianza kama Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kisha ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Moi ilizaliwa mwaka 1984, baada ya tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay kupendekeza mwaka 1981 kwamba nchi iwe na chuo kikuu cha pili. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83 wa idara ya misitu, waliohamishwa kutoka Nairobi. Basi Moi ilianza na misitu. Lakini masomo hayo yaliishia kampasi ya Chepkoilel, ambayo mwaka 2013 ilipewa hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Kijana wa Mlima Elgon anayependa misitu, akiomba Moi kwa kufuata sifa aliyosimuliwa na wazee, atakuwa anabisha mlango ambao mwenyewe alishahama.

Kipimo kingine kinachopotosha ni alama za klasta. Kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, kila kozi huonyeshwa pamoja na alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepokewa mwaka uliotangulia. Wazazi wengi huzisoma alama hizo kama cheti cha ubora: kozi yenye 44 ni bora kuliko yenye 41. Ukweli ni kwamba alama hizo hupandishwa na wingi wa waombaji wenye alama za juu na uchache wa nafasi. Zinatuambia wangapi walikimbilia kozi hiyo, wala hazisemi inafundishwaje, maabara zake zikoje, au wahitimu wake wanaishia wapi. Atakayejibu kwamba chema chajiuza hajakosea kabisa, ila jiji nalo hujiuza. Wako wanaoomba Nairobi kwa hamu ya kuishi Nairobi, na hamu yao huhesabiwa ndani ya alama zile zile.

Tuchukue udaktari, kozi inayozua ubishi mkali zaidi. Nairobi imefundisha madaktari tangu 1967, na wanafunzi wake hujifunzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako hufika wagonjwa wa kila aina kutoka pembe zote za nchi. Anayelenga ubingwa wa fani finyu atapata mengi huko. Moi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, ikafuata njia tofauti: mwanafunzi huanza na tatizo la mgonjwa na kulichambua katika kikundi kidogo, kisha hupelekwa vituo vya afya vya mashinani kujifunza magonjwa yalikoanzia, yaani kwenye maji, chakula na makazi. Hospitali yake ya rufaa mjini Eldoret huhudumia magharibi yote ya Kenya, zikiwemo Trans Nzoia na Bungoma. Ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa mpango wa AMPATH, uliopata sifa kubwa kwa matibabu ya virusi vya Ukimwi katika eneo hili. Wahitimu wa pande zote mbili hupitia mwaka ule ule wa uanagenzi na kusajiliwa na baraza moja la madaktari. Wanachotofautiana ni jinsi walivyofundishwa, na hilo ndilo mwombaji anapaswa kulipima kulingana na daktari anayetaka kuwa.

Kozi nyingine hazihitaji mjadala mrefu. Anayetaka uhandisi wa nguo ana sababu nzuri ya kwenda Moi, chuo kilichonunua kiwanda cha Rivatex cha Eldoret mwaka 2007, ili darasa na mashine vikaribiane. Anayetaka udaktari wa mifugo, fani yenye manufaa makubwa katika kaunti inayofuga ng'ombe wa maziwa kama Trans Nzoia, aitazame Nairobi na kampasi yake ya Kabete. Na kwa kozi yoyote ya kitaaluma, aulize kwanza kama bodi ya taaluma hiyo imeitambua. Wahitimu wa uhandisi wa Egerton, chuo cha umma chenye jina zuri, walikataliwa kusajiliwa na bodi ya wahandisi, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu, iliyoamua mwaka 2018. Heshima ya chuo haikuwaepusha na miaka ya kusubiri.

Linafuata suala la fedha, na hapa jirani wa Moi ana faida ya wazi. Chini ya mpango wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, mkopo wa HELB wa kujikimu ulipangwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kufuatana na hali ya familia. Haupandi kwa sababu mwanafunzi anaishi jijini. Hata anayepata kiwango cha juu ana shilingi 5,000 kwa mwezi, za chumba, chakula na nauli. Kutoka Suam hadi kampasi kuu ya Moi kule Kesses ni kama kilomita 150. Hadi Nairobi ni zaidi ya 400. Gunia la mahindi na la maharagwe kutoka shambani humfikia mwanafunzi wa Kesses kwa urahisi, na mzazi anaweza kwenda na kurudi siku moja mtoto akiugua.

Wapo watakaosema mwajiri husoma jina la chuo kwanza. Kuna ukweli katika hilo, hasa kwa kozi za biashara na mawasiliano ambazo mafunzo yake ya kazini hupatikana kwa wingi jijini. Kwa kozi hizo, Nairobi inaweza kustahili gharama yake. Lakini mwalimu huajiriwa na TSC, tume ya walimu, kwa vigezo vile vile, awe wa Kikuyu, ambako Nairobi hufundishia ualimu, au wa Kesses. Wengine watataja matatizo ya Moi, chuo ambacho madeni na mgomo vilikifunga mwishoni mwa 2024. Hofu hiyo ni ya haki, na mzazi ana haki ya kuuliza kozi imechelewa kwa muda gani. Hata hivyo, mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma nchini kote waligoma kwa siku 49, na aliyekuwa Nairobi naye hakusalimika. Hoja kwamba mtoto akomae mbali na nyumbani nayo ina uzito, lakini ukomavu hauletwi na njaa ya katikati ya muhula.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza chaguo la kwanza, familia ikae na kozi tatu mezani, izipime kwa maswali manne: inafundishwaje, mazoezi yake hufanyiwa wapi, je, bodi ya taaluma inaitambua, na tutamlisha vipi mtoto hadi amalize. Nairobi ikishinda kwa majibu hayo, mtoto apande basi kwa moyo mkunjufu. Majibu yakilingana, kama yatakavyolingana kwa kozi nyingi za ualimu na sayansi, mtoto wa Suam achague Moi, kwa sababu shahada inayomfaa ni ile ambayo nyumba yake inaweza kumfikisha mwisho wake.