Nuru Iliyowaka Eldoret Wakati wa Giza

Cheptiret ni mji mdogo wa soko katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Nchi yake ni nchi ya mahindi, ngano na maziwa. Wenyeji wengi ni Wakalenjin, lakini tangu zamani wamekuwako majirani wa makabila mengine, hasa upande wa Burnt Forest, ambako Wakikuyu wengi walipata mashamba baada ya Uhuru wa mwaka 1963. Watu hao waliuziana ng'ombe na mbegu, na Jumapili wengi wao walisali katika kanisa moja.

Ujirani huo ulikuwa umekwisha tikiswa na mapigano ya mwaka 1992. Lakini giza lililo kubwa zaidi liliingia mwishoni mwa mwaka 2007. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, fitina ya siasa ikageuka kuwa vita ya jirani na jirani. Nyumba na maghala ya mahindi yakachomwa moto. Barabara kuu ikazibwa kwa mawe na magogo, hata Uganda ikapungukiwa na petroli. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika Kenya nzima.

Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto hali watu wamekimbilia humo. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Hapana shaka siku ile Wakristo wengi walijiuliza: Ikiwa nyumba ya Mungu yenyewe inateketea, basi tumaini liko wapi?

Jibu moja lilionekana mjini Eldoret. Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki alifungua milango ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na watu wapatao 10,000 wakapata kimbilio katika uwanja wake. Wengi wa wakimbizi hao walikuwa Wakikuyu. Askofu mwenyewe alikuwa Mkalenjin. Wako watu wa kabila lake waliomchukia kwa tendo hilo, lakini hakufunga lango. Alikuwa amehubiri habari za Msamaria Mwema miaka mingi. Sasa mahubiri hayo yalidai kulipiwa gharama.

Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Lakini karatasi iliyotiwa sahihi Nairobi haiwezi peke yake kumrudisha mkulima shambani pake, ikiwa anamwogopa mtu wa ng'ambo ya ua. Kwa hiyo Askofu na wasaidizi wake walikwenda vijijini. Kwanza walikutana na kila upande peke yake, ili watu waseme uchungu wao bila kuonana uso kwa uso. Baadaye waliwakutanisha wachache wa huku na wachache wa huko. Kisha walikula pamoja. Na mwisho walifanya kazi ya faida kwa wote, kama vile kutengeneza barabara au josho la ng'ombe, kwa maana ni vigumu kumchukia mtu ambaye ng'ombe wake na wako hutumia josho moja. Mambo hayo Askofu aliyaandika katika kitabu chake kiitwacho Amani Mashinani, kilichotolewa mwaka 2009. Alifariki dunia tarehe 30 Oktoba 2017, akazikwa katika Kanisa Kuu lile lile.

Haifai kusema ya kuwa makanisa yote yaliwaka nuru siku zile. Mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani ya kuwa viongozi wa dini walikuwa wamegawanyika kwa siasa na kabila, likaomba radhi. Ungamo hilo nalo lilikuwa mwanzo wa nuru, kwani mwenye kuficha jeraha hawezi kuliponya.

Wahenga walisema, Baada ya dhiki faraja. Lakini mambo ya Eldoret yaonyesha ya kuwa faraja haiji yenyewe kama mapambazuko. Mkulima wa Cheptiret ajua jambo hilo vizuri: mwezi wa Machi huifukia mbegu katika udongo, na miezi mingi hupita kabla hajavuna. Hakai bure akingoja, hupalilia. Tumaini la Mkristo ni vivyo hivyo. Huonekana pale mtu anapomfungulia mlango yule ambaye watu wake wamemwambia amfungie. Nyakati za kura hurudi, na maneno ya chuki hurudi pamoja nazo. Yafaa kila mwenye imani ajiulize mapema, kungali mchana, kama lango lake litakuwa wazi usiku ukiingia.